Fundi Cherehani Aliyenifundisha Maji

Kinyala, Ijumaa

Fundi wangu,

Mvua imepumzika tangu asubuhi, kwa hiyo nimetoa kiti nje, nimekaa kibarazani kwa mama na daftari magotini. Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika "Mpendwa marehemu", nikaona natangaza msiba wa mtu nisiyemjua, nikaichana. Kwangu wewe ni Fundi. Tukuyu nzima ilikuita hivyo. Siku ya mazishi jina lako kamili liliposomwa, watu walitazamana; wengi ndiyo kwanza walikuwa wanalisikia.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeziuliza kabla ya yote. Bi Zuhura hajambo. Alimaliza eda yake salama na amenenepa kidogo. Anasema ni kwa sababu hana tena mtu wa kumsimamisha kila saa kwa ajili ya chai. Cherehani yako ameihamishia nyumbani, anashona sare za shule. Kule Lupepo waliokuwa wakilima viazi sasa wamepanda parachichi, ukipita utadhani umepotea njia. Mama yangu naye hajambo, ila baridi ikizidi magoti yanamkumbusha umri. Mimi nimerudi nyumbani. Nimerudi kabisa, na mabegi yote. Nitakueleza.

Kwanza kuna jambo ambalo sikukuambia. Nilikaa siku mbili kando ya kitanda chako kule hospitali ya Igogwe nikiwa nalo mdomoni. Wewe unaniuliza kama nimekula, unaniuliza bega langu la kulia linaendeleaje, unamtania muuguzi kwamba shuka lake limekunjwa pindo vibaya. Nami najibu, nacheka, nafuta jasho lako, na lile jambo liko palepale. Sikulitema, sikulimeza. Alfajiri ya siku ya tatu ukaenda.

Nitalisema leo. Lakini niruhusu nianzie mbali, kwa sababu bila mwanzo wake kosa langu litaonekana dogo.

Nilikuwa na miaka tisa mto Kiwira ulipomchukua kaka yangu Lusajo. Alikuwa anavuka na mzigo wa kuni. Huku chini jua linawaka, kumbe kule juu mlimani mvua imenyesha, na maji yakaja kwa mkupuo. Watu walikimbia Tukuyu kukuita, kwa sababu kila mtu alijua: mtu akizama, aitwe Fundi. Wewe mtu wa Lindi, uliyekuja kushona nguo kwenye baridi yetu, ndiwe peke yako uliyejua kupiga mbizi. Ulifika na ile futi ya kupimia watu bado inaning'inia shingoni. Uliivua, ukampa mama aishike. Ukazama, ukatoka mikono mitupu. Ukazama tena. Mara ya tatu ulitoka naye. Mama alikuwa ameizungusha ile futi kwenye mkono wake mpaka vidole vimekufa ganzi, na ni wewe, umelowa chapachapa, uliyemfungua taratibu, duru baada ya duru, huku ukimwambia, "Pole, mama. Pole. Nipe mkono."

Miezi kadhaa baadaye ulikuja nyumbani na kilo mbili za sukari. Nakumbuka ulivyokaa kwenye kigoda, magoti yako marefu yakafika karibu na kidevu. Ukasema, "Mama Lusajo, nimechoka kuopoa watoto. Nipe huyu aliyebaki nimfundishe maji. Kabla sijafa nataka nimwone mmoja akitoka kwa miguu yake."

Mama aliinuka akachukua ufagio. "Maji yamekula mmoja, wewe unataka kuyapelekea wa pili?"

Hukubishana. Uliacha sukari kizingitini ukaondoka. Wiki iliyofuata ulirudi na Bi Zuhura, na Bi Zuhura hakutaja maji hata mara moja. Alikaa jikoni akamenya ndizi na mama. Akamuuliza Lusajo alikuwa anapenda kula nini. Mama akaanza kueleza, akashindwa, wakalia wote wawili na visu mikononi. Walipomaliza kulia mama akasema, "Ziwani, siyo mtoni. Na mama huyu akae ukingoni. Asibanduke."

Nani angejua kwamba bingwa wa taifa alipatikana kwa kumenya ndizi!

Basi kila Jumamosi ulifunga kibanda chako sokoni mapema, mkaja wewe na Bi Zuhura, tukashuka ziwani kwetu kupitia migombani. Maji yale, Fundi. Mpaka leo nikiyafikiria meno yanagongana. Siku ya kwanza nilikataa kupita magoti. Hukunivuta. Ulijilaza chali juu ya maji, mikono umekunja kifuani, ukafumba macho, ukaanza kukoroma kwa makusudi. Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa. "Hiki ni kitanda," uliniambia. "Hakuna anayepigana na kitanda. Lala." Ukanifundisha kutoa pumzi ndani ya maji: "Puliza, unapoza uji." Na nilipoanza kutapatapa nikitaka kwenda mbio: "Polepole, Sekela. Mshono mmoja, halafu mwingine. Nguo haishonwi kwa hasira."

Nguo yangu ya kuogelea ulinishonea mwenyewe, kwa kitambaa cha jezi ya mpira. Ilikuwa ya kijani na nyeupe. Uliipima mara tatu na ukaifumua mara mbili. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu mwalimu wetu wa michezo alisikia habari zangu, nikaandikishwa mashindano ya shule kule Dar es Salaam. Ukafunga kibanda siku nne ukanisindikiza.

Sijawahi kukuambia nilichohisi nilipoingia lile bwawa. Uliniona nimesita ukadhani ni watu. Haikuwa watu. Ni kwamba niliiona chini. Ziwani kwetu sikuwahi kuona chini. Nilijua maji tu. Pale niliona vigae, mistari, mpaka kibanio cha nywele cha mtu kimelala chini kabisa, na nikajiona niko hewani, juu ya paa, nikiachia tu naanguka. Kizunguzungu kilinishika. Wasichana wenzangu walikuwa wananong'ona kuhusu nguo yangu. Filimbi ikalia nikaruka hivyohivyo, nikafumba macho.

Niliwaacha wote. Unakumbuka? Niliwaacha wote mpaka nikagonga ukuta kwa kichwa. Kisha nikasimama. Nilikuwa sijui kinachofuata! Ziwani hakuna ukuta. Wenzangu walifika, wakajikunja, wakasukuma kwa miguu, wakarudi, nami nimesimama najishika paji la uso nikitazama wanavyopotea. Nilimaliza wa mwisho. Nilipotoka nililia kwa aibu, na wewe umevaa kofia yako nyeupe, umeshika taulo, unatabasamu kama mtu aliyepata zawadi. "Umewashinda wote mpaka ukutani," ulisema. "Kumbe kilichobaki ni ukuta tu."

Tuliporudi ulipima mita ishirini na tano kwa kamba, ukasimika nguzo na mbao huku na huku ndani ya ziwa. Watu wa Kinyala walikuja kutazama. Wakasema Fundi anajenga choo majini. Bi Zuhura aliwajibu kutoka ukingoni, "Ndiyo, na ninyi hamtaruhusiwa kuingia!" Kwenye mbao zile nilijifunza kugeuka. Nilipata michubuko ya visigino miezi miwili. Mwaka uliofuata nilirudi Dar nikashika nafasi ya pili, na baada ya hapo sikushika tena nafasi ya pili kwa muda mrefu.

Yaliyofuata unayajua kwa sehemu, kwa simu. Klabu moja ya mjini ikanichukua, nikaishi kwa shangazi, nikasoma huku naogelea. Nikawa bingwa wa taifa wa wanawake, mita hamsini na mita mia mtindo huru, mwaka baada ya mwaka. Nikapanda ndege. Kule nje nilikutana na wasichana warefu wenye mabega mapana kama milango, nikamaliza wa mwisho katika kundi langu ingawa niliivunja rekodi yangu mwenyewe. Nikakupigia nikiwa bado nalowesha sakafu. Uliniuliza, "Umetoka majini mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Umechoka?" Sana. "Basi kula, ulale. Hayo mengine ni kazi ya saa."

Sasa nifike pale.

Ni siku niliposhinda taifa mara ya tatu. Mtangazaji wa redio alinifuata na kinasa sauti, matangazo yanakwenda moja kwa moja. Akaniuliza, "Sekela, nani aliyekufundisha kuogelea?" Pembeni yangu walisimama wasichana wa klabu. Wiki ileile mmoja wao alikuwa ameniuliza kama ni kweli kocha wangu wa kwanza alikuwa anashona suruali, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikajibu kwenye kinasa sauti, "Kila kitu nimefundishwa na kocha wangu wa hapa klabuni." Kila kitu. Nilisema hivyo, Fundi. Nilisema "kila kitu".

Nilijifariji kwamba hukusikia. Mara zote tulizozungumza baadaye hukugusia. Uliniuliza bega, chakula, mama. Nikajiambia, redio gani itashika vizuri sokoni Tukuyu na ukungu ule.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tukiosha sufuria, Bi Zuhura alinisimulia bila kunitazama. Kwamba siku ile uliwaita watu wote wa safu yenu, wauza mitumba, wauza ndizi, yule mama wa maharage, wakajaa kibandani. Uliongeza sauti. Ulinyanyua kidole watu wanyamaze. Jibu langu likasikika. Wewe ukanyoosha mkono ukaizima redio, ukasema, "Betri zimekwisha." Ukarudi kwenye cherehani.

Redio yako ilikuwa ya umeme, Fundi. Wote pale walikuwa wanauona waya.

Nimeuliza moyo wangu mara nyingi kwa nini hukunikemea. Ungenikemea ningelia, ningeomba radhi, yangekwisha. Bi Zuhura anasema alikuuliza usiku ule, ukamwambia, "Mtoto ameona chini, akaogopa. Atazoea." Sasa sijui. Kumbe uliijua habari ya bwawa? Sikuwahi kukuambia wewe wala mtu mwingine. Au ulikuwa unasema jambo jingine kabisa? Nimekaa na maneno hayo miezi yote hii.

Naomba radhi. Naandika kwa mkono wangu, jina langu nitaliweka chini. Nilikuonea aibu. Siyo kwa sababu ulistahili aibu. Ni kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko medali niliyovaa.

Nilichofanya ni hiki. Mwaka huu nilishindana mara yangu ya mwisho. Msichana wa miaka kumi na sita alinipita kwenye mita mia, kwa haki kabisa, nikamkumbatia majini na nikajikuta nafurahi. Kisha nikapanda basi mpaka Mbeya, nikaenda kituo cha redio, nikaomba dakika kumi. Wakanipa nusu saa. Nilisema majina yako yote matatu. Nilisema wewe ni fundi cherehani wa Tukuyu, nilisema jezi ya kijani, nilisema choo cha majini. Nilisema pia nilivyokukana, na kwa nini. Mtangazaji alisahau kuuliza swali. Bi Zuhura alisikiliza nyumbani na majirani. Anasema yule mama wa maharage alilia mpaka akadaiwa soda. Sijui alidaiwaje soda kwa kulia, lakini ndivyo Bi Zuhura anavyosimulia.

Wewe hukusikia. Hilo siwezi kulirekebisha. Lakini waliosikia walianza kuja.

Wa kwanza alikuwa baba mmoja wa Lupepo na binti yake Bupe, mwenye miaka kumi na moja. Alisimama uani kwetu, kofia mkononi, akamsalimia mama kwa Kinyakyusa, akasema wao wanaishi kando ya mto na hana raha mvua ikianza. Nilimtazama mama. Nilijua anachokiona. Mama akaniambia, "Mbao za Fundi zimeoza. Utahitaji mpya." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Sasa ninao watoto ishirini na sita kila Jumamosi, wa kanisani na wa msikitini, na mama ndiye anayewapikia uji ukingoni. Hajaingia maji na sidhani kama ataingia. Lakini anayatazama. Zamani tukipita daraja la Kiwira alifumba macho.

Na masika haya lilitokea jambo. Bupe na mdogo wake walikuwa wanatoka shule, mdogo akateleza kwenye magogo ya kuvukia mto, maji yakambeba. Bupe hakumrukia. Nilikuwa nimewafundisha ulivyonifundisha wewe: anayezama usimfuate kwa mwili wako, mpe kitu ashike. Alikimbia mbele ya maji mpaka kwenye kona, akavua sweta lake la shule, akalala kifudifudi juu ya jiwe, akalirusha huku ameshika mkono mmoja wa sweta. Mtoto akalishika. Bupe akamwambia, "Lala! Lala chali! Ni kitanda!" na akamvuta polepole mpaka penye matope. Walifika nyumbani kwa miguu yao, wote wawili, wakachapwa kwa kulichana sweta. Baba yao alipopata habari kamili alikuja kwetu akikimbia na mkungu wa ndizi begani, akautua mbele ya mama. Mama ndiye aliyesema. Alisema, "Ndaga fijo, Kyala," asante sana, Mungu, mara moja tu, akaingia ndani, akakaa na picha ya Lusajo. Nilimwacha.

Nilidhani hapo ndipo barua itakapoishia. Lakini Jumamosi iliyopita limetokea jingine, na hili ndilo hasa lililonifanya nitoe kalamu mfukoni.

Bi Zuhura alikuja ziwani kama kawaida. Ila alikuwa na mfuko. Watoto walipokuwa wanakunywa uji aliniita pembeni, akatoa suruali ndefu na gauni la mikono mirefu, kitambaa chepesi kisichobeba maji, na kilemba cha rangi hiyohiyo. Vyote ameshona mwenyewe. Nikamuuliza ni vya nani. Akasema, "Vya kwangu."

Akaendelea, na sauti yake haikuwa ya hasira, Fundi, usihuzunike: "Miaka yote ile nimekaa pale nikilinda nguo zenu. Wewe umejifunza, mume wangu amekufundisha, watu wamekuja kucheka wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama na mimi nataka kuingia."

Hukumuuliza. Nami sikumuuliza. Wajuzi wawili wa maji tusiojua kutazama ukingoni!

Nikamshika mkono tukaingia. Aliomba dua kwa sauti ndogo, akapiga kelele maji yalipofika kiunoni, watoto wakapiga makofi, mama akasimama na mwiko wake hewani. Nikaweka kiganja kimoja chini ya kisogo chake na kingine mgongoni. Alikuwa amekakamaa kama ubao kwa hofu. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha nikahisi mgongo unalegea kidogo, na miguu ikapanda yenyewe juu, vidole vyake vikachomoza. Akafungua macho akatazama mawingu. Akaanza kucheka. Akasema, "Kumbe huyu mzee alikuwa anakuja huku kulala!"

Ungemwona, Fundi.

Kesho ni Jumamosi. Amenitumia ujumbe asubuhi hii: anataka tufike mahali ambapo miguu yake haigusi chini. Nimemjibu sawa. Mama anasema kama mvua itarudi tuahirishe. Bi Zuhura amejibu kwamba atakayekuwa ziwani amelowa tayari, mvua itamfanya nini.

Nakuahidi hili, na nakuaga nalo. Nitakuwa chini yake, mkono wangu mgongoni mwake, na sitauondoa mpaka aniambie mwenyewe, "Sekela, niachie."

Pumzika, Fundi. Mwenyezi Mungu akupe kitanda chema.

Mwanao,
Sekela